Chemsha bongo yenye masikio: kutoka chuoni Uroa hadi Tanga

Siku hizi ukijiunga na somo lolote kwenye intaneti utakutana na chemsha bongo "zenye akili". Ukipatia swali, linalofuata linakuwa gumu zaidi. Ukikosea, unarudishwa nyuma kidogo. Wenyewe wanalitangaza jambo hili kama maajabu mapya. Mimi nabisha. Kanuni hii Uroa inajulikana siku nyingi!

Uroa ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani, pwani ya mashariki ya Unguja. Huko, kama kwingine kisiwani, mtoto husoma chuoni, yaani chuo cha Kurani, mbali na skuli. Chuoni watoto hukaa mkeka mmoja: huyu yuko kwenye alifu, yule kwenye Juzuu Amma, mwingine anakaribia kuhitimu. Kila mmoja husoma mbele ya maalim kwa zamu. Akisoma sawasawa anapewa aya mpya, akikwama anairudia ileile kesho. Sipambi mambo, bakora ilikuwepo na kukariri bila kujua maana pia. Lakini hatua ya mtoto ilitegemea jibu lake, si kalenda.

Skuli za serikali zilikuja na utaratibu mwingine: ubao mmoja, somo moja, watoto wote kwa mwendo mmoja. Aliyeachwa nyuma akabaki nyuma.

Redio nayo ilijaribu kusaidia. Mwaka 2006 Zanzibar ilianza mradi wa RISE, ulioendeshwa na taasisi ya EDC ya Marekani, na kipindi chake kiliitwa Tucheze Tujifunze. Mbinu yenyewe ilianzia Nicaragua miaka ya 1970: sauti inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu, kisha sauti inataja jibu. Ilifaa sana kwa watoto wa vijijini wasio na madarasa ya awali. Tatizo ni kwamba redio ina mdomo lakini haina masikio! Aliyepatia na aliyekosea wanapata swali lilelile.

Masikio yalitokana na hesabu. Mwaka 1960 Mdenmark Georg Rasch alichapisha njia ya kuupima ugumu wa swali na uwezo wa mwanafunzi kwa kipimo kimoja. Kompyuta ikishajua vyote viwili, inaweza kuchagua swali linalomfaa huyu, sasa hivi. Kufikia 1997 mtihani wa GMAT, wa kuingilia vyuo vya biashara, ulikuwa unafanywa hivyo.

Kwa watoto wetu wa Kiswahili, jaribio kubwa lilifanyika ng'ambo tu ya bahari, mkoani Tanga. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170. Programu tano zilishindana. Mojawapo, RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilimsikiliza mtoto akisoma kwa sauti na kumpandisha au kumshusha kulingana na alivyofanya. Si ndiyo kazi ya maalim hiyo? Mei 2019 washindi walikuwa Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10.

Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baadaye idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni mafanikio makubwa, hasa kwa kuwa wengi hawakuwahi kukanyaga shule. Lakini nusu nyingine je?

Hapo ndipo ninapoona hatari. Programu inajua kwamba mtoto amekosea, haijui kwa nini. Maalim wa Uroa anajua kwamba maji yamekupwa, mama yuko kwenye mwani, na mtoto alibaki kulea mdogo wake. Kwa mashine hilo ni kosa tu, na dawa yake ni swali jepesi zaidi.

Kwa hiyo vishikwambi vikija skulini, tusiulize vina maswali mangapi. Tuulize kama mwalimu ataonyeshwa nani amekwama na wapi, ili akamuulize mwenyewe. Chemsha bongo isiyomfikishia mwalimu habari hizo ni redio nyingine tu, ya bei kubwa zaidi.

Au mnasemaje?