Vigae vya Uvinza na Historia ya Ujiji

Mtu asomaye vitabu vilivyoandikwa juu ya Ujiji aweza kudhani kwamba mji ule, pamoja na pwani yake yote ya Ziwa Tanganyika, ulizaliwa mwezi wa Februari 1858, siku walipofika Burton na Speke. Baada yao hutajwa Livingstone, kisha Stanley aliyemkuta huko mwaka 1871. Msomaji wa Kiswahili huongeza Mwinyi Kheri, Rumaliza, na Tippu Tip, ambaye habari za maisha yake kwa Kiswahili zilichapishwa mwaka 1958 na 1959 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Yote hayo ni mambo ya karne moja tu, nayo ni habari za wapitao zaidi kuliko za wenyeji. Kwa zama zilizotangulia hatuna maandishi. Tulicho nacho kimo ardhini.

Mwaka 1967 wanahistoria J. E. G. Sutton na Andrew Roberts walichimba huko Uvinza, mashariki ya Ujiji, karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Hapo zipo chemchemi za maji ya chumvi kali. Kabla ya Wadachi kuzishika na kujenga kiwanda, watu walikuja kila kiangazi, wengine kutoka mbali sana, wakateka maji yale na kuyachemsha vyunguni hata yakakauka, ikabaki chumvi. Na chumvi hiyo ikauzwa Ujiji na kuvushwa ng'ambo ya ziwa. Chungu cha kazi hiyo hakina maisha marefu. Hupasuka, kikatupwa, kikaletwa kingine. Ndiyo maana ardhi ya pale ina vigae, majivu na makaa, tabaka juu ya tabaka, na hasara ya mpika chumvi imekuwa faida ya mchimbaji. Makaa yalipopimwa umri kwa njia ya kaboni, matabaka ya chini yalionekana kuwa ya karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo, na vigae vyake ni vya jinsi ile ya Zama za Chuma za Mwanzo. Basi chumvi ilipikwa Uvinza kwa muda wa miaka yapata 1,300 kabla Burton hajapita.

Je, wapishi hao walikuwa nani? Hapa yawapasa wanaisimu kujihadhari. Wengi wamezoea kuviambatanisha vyungu vya namna hii na kuenea kwa lugha za Kibantu, na huenda kwa jumla wakawa na haki. Lakini kigae hakisemi. Chungu huweza kununuliwa. Mfinyanzi huweza kuolewa ugenini akaenda na ufundi wake. Watu huweza kubadili lugha wasibadili vyungu. Tena Uvinza, kwa vile ni tajiri wa vigae, yaonekana ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kulinganisha chungu na lugha, kwani chumvi iliwavuta watu wa makabila mengi kwenye chemchemi zile zile. Jina la Wavinza twalijua katika karne ya 19. Kulishusha mpaka tabaka la chini ni kukisia.

Ziwa lenyewe limeona mengi zaidi. Kwenye maporomoko ya Kalambo, kusini, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ambako J. Desmond Clark alianza kuchimba mwaka 1953, ilitangazwa mwaka 2023 kwamba yamepatikana magogo mawili yaliyochongwa ili yashikane, yenye umri usiopungua miaka 476,000.

Turudi mjini. Kasingirima ni kata mojawapo ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, na mji huu wakua: kila mwaka misingi mipya huchimbwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvilinda vitu na majengo yaliyofanywa na watu kabla ya mwaka 1863. Vingi vya baadaye havilindwi ila vitangazwe. Kwa Ujiji mpaka huu una ajabu yake. Kigae cha miaka elfu kinalindwa, ijapokuwa hakuna aliyekwisha kukiona, hali mabaki mengi ya mji wa misafara, mji ule ule wa 1871, yamo nje ya mpaka mpaka serikali iyatangaze. Nao udongo hauujui mwaka 1863. Shimo moja la msingi hupita katika ushanga wa mfanyabiashara, kisha likaingia katika lililo chini yake, na jioni yote mawili yamo katika chungu moja ya kifusi.

Na mwenye kulipita ni fundi. Ukimwuliza kama ameona vigae, aweza kukuonyesha vile vya sakafu vilivyokuja dukani, kwa maana neno limehamia huko. Afadhali aulizwe juu ya vipande vya vyungu, na mahali alipokuta udongo mweusi wenye majivu, na kina chake, kabla zege halijamwagwa.