Je, mtu ahitaji leseni ndipo atumie intaneti?

Kila baada ya miaka miwili mitatu wazo hili huzuka tena Nairobi kwa sura mpya: kwamba anayeandika mtandaoni, anayerusha video au anayesimamia kundi la WhatsApp apate kwanza idhini ya serikali. Safari moja huletwa na bodi, safari nyingine na mbunge. Nimeona vyema niyakusanye hapa yale yaliyokwisha kutokea na sheria inavyosema, kisha nitoe msimamo wangu. Sisi wa Pwani tuna sababu ya kulifuatilia jambo hili kuliko wengi, na nitaieleza.

Leseni ya leo ni ya nani?

Anayeuza intaneti anahitaji leseni. Awe ni kampuni kubwa ya simu au kijana anayesambaza waya katika nyumba za kupanga za Kangemi na Kawangware, sheria inamtaka aende kwa Mamlaka ya Mawasiliano (CA), yenye makao yake Waiyaki Way, Westlands. Vituo vya redio na televisheni pia hupewa leseni hapo. Lakini anayenunua bando na kulitumia haombi ruhusa kwa mtu.

Tofauti hii ina msingi wake katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari na mawazo, ila hakimkingi anayechochea ghasia wala anayeeneza chuki. Kifungu cha 34 kinaruhusu utangazaji uwekewe leseni, tena kwa masharti mawili: leseni iwe inahitajika ili kusimamia masafa na njia za kusambaza matangazo, na utaratibu wake usiingiliwe na serikali, wanasiasa wala wafanyabiashara.

Sababu yake yaeleweka. Masafa ya redio yana kikomo. Vituo viwili vikirusha kwenye masafa mamoja mahali pamoja, hakuna kitakachosikika. Mtandaoni hakuna msongamano wa namna hiyo. Darsa inayorushwa kutoka Lamu haizibi nafasi ya harusi inayorushwa kutoka Likoni.

Majaribio mawili

La kwanza lilikuwa Mei 2018. Bodi ya Kuainisha Filamu (KFCB), wakati huo ikiongozwa na Ezekiel Mutua, ilitangaza kwamba yeyote anayetengeneza video ya kuonyeshwa umma, hata akiiweka mtandaoni tu, lazima awe na leseni. Bodi ilitegemea Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, iliyotungwa kabla ya uhuru, wakati ambapo kamera ya filamu ilikuwa mali ya wachache. Leo kamera iko mfukoni mwa mvuvi.

La pili lilikuja 2019. Marehemu Malulu Injendi, mbunge wa Malava, alipeleka Bungeni mswada wa kurekebisha Sheria ya Habari na Mawasiliano. Mitandao ya kijamii ingehitaji leseni na ofisi nchini, na wanablogu nao wangewekewa leseni. Anayetaka kuanzisha kundi angelazimika kuiarifu mamlaka, kuidhinisha wanachama, kuchunga yanayoandikwa na kuhakikisha kila mmoja ametimiza miaka 18. Hebu fikiria kundi la jamaa lenye watu wa Mombasa, Unguja na Muscat, linalotumika kupashana habari za maziko na michango ya hospitali. Shangazi aliyelifungua angekuwa afisa wa serikali asiye na mshahara. Mswada huo haukuwa sheria.

Sheria za kuadhibu maneno ni njia nyingine, nazo zina historia yake. Mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichokuwa kikitumiwa kuwashtaki watu kwa maandishi ya kuudhi, kwa kuwa maneno yake hayakuwa na mipaka. Sheria ya Uhalifu wa Kompyuta ya 2018 ikaweka adhabu mpya kwa habari za uongo, hadi miaka 10 jela. Chama cha Wanablogu, BAKE, kilipinga, vifungu 26 vikasimamishwa, lakini Februari 2020 Mahakama Kuu ikaamua kuwa vinafaa. Ilirekebishwa tena Oktoba 2025, na ndani ya wiki moja sehemu ya marekebisho ikasimamishwa na mahakama. Hata hivyo, ugomvi huo wote ulihusu neno lililokwisha kusemwa. Leseni inakuzuia kabla hujafungua kinywa.

Kamba mguuni

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Leseni ni kamba ya namna hiyo: aliyekufunga anaweza kukuvuta siku atakayo.

Tumeliona hili kwa macho. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, katikati ya Nairobi, serikali ilizima mitambo ya Citizen, NTV na KTN. Mahakama iliamuru virudishwe hewani, na bado vikakaa gizani kwa siku kadhaa. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya maandamano, CA iliamuru vituo viache kurusha matangazo ya moja kwa moja, na mitambo ya baadhi yao ikazimwa. Mahakama Kuu ililisimamisha agizo hilo siku ileile.

Mara zote mbili waliozimwa ni wenye leseni. Waliotaka kuona yanayoendelea walikwenda mtandaoni, mahali ambapo vituo hivyohivyo viliendelea kurusha. Ingekuwa na mtandao pia ni wa leseni, tungefuata nini?

Kwa majirani

Tanzania ilijaribu kwa vitendo. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 kila mwaka, kwa fedha ya huko. Adhabu ilikuwa faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miezi 12. Juni mwaka huo JamiiForums, uwanja mkubwa wa mjadala kwa Kiswahili, ulifungwa kwa muda, na wanablogu wadogo wakaacha. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini mkono mtupu haulambwi: aliyebaki mapema ni mwenye pesa.

Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, kuanzia Julai 2018. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikawekwa asilimia 12 juu ya bando.

Hoja ya upande wa pili

Wanaotaka leseni hawakosi hoja, na si vizuri kuwadharau. Wanasema dereva hupewa leseni kwa kuwa gari huua, na maneno nayo huua. Hapa kwetu wanataja Shakahola, Kilifi, ambako tangu 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, na mahubiri ya Paul Mackenzie, aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo, yalikuwa yakisambaa kwa video.

Maumivu hayo ni yetu. Lakini Mackenzie alikuwa amekwisha kufikishwa mahakamani Malindi miaka kadhaa kabla. Mamlaka zilimjua kwa jina na kwa mahali. Kilichokosekana hakikuwa cheti cha mtandao. Ni kuifuatilia kesi hadi mwisho.

Tena leseni haimfanyi mtu kuwa mwema. Baada ya ghasia za 2007 na 2008, Tume ya Waki ilivitaja vituo vya redio vya lugha za kienyeji kuwa vilichangia chuki. Vilikuwa na leseni. Wakati huohuo, Januari 2008, wanablogu wa Kenya waliunda Ushahidi, tovuti ya kupokea ripoti za vurugu na kuziweka kwenye ramani, huku serikali ikiwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Hawakungoja kibali cha yeyote.

Sheria ya kumshika anayechochea ipo. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inaadhibu matamshi ya chuki. Laini zetu za simu nazo zimesajiliwa kwa kitambulisho, kwa hiyo polisi wana pa kuanzia.

Kwa nini Mpwani aangalie

Leseni huombwa kwa stakabadhi, na hapo ndipo penye kidonda. Wengi wetu tunajua maana ya kuulizwa cheti cha babu, na kusailiwa mbele ya jopo kabla ya kupewa kitambulisho. Rais Ruto alitangaza Februari 2025 kuuondoa usaili huo kwa wa kaunti za mipakani. Je, tufungue dirisha jingine la kuuliza wewe ni nani, safari hii kwa ajili ya kuzungumza? Kijana wa Kizingitini au Vanga angetafuta wapi nauli ya kwenda Westlands kufuatilia fomu yake?

Msimamo wangu ni huu: anayemiliki waya na masafa apewe leseni na asimamiwe, anayesema asipewe leseni, bali ajibu mahakamani akimdhuru mwenzake, kwa sheria yenye maneno yaliyo wazi. Mswada kama ule wa 2019 ukirudi, Katiba inalitaka Bunge lisikilize maoni ya wananchi, nao huweza kupelekwa kwa maandishi kwa Karani wa Bunge. Viongozi wa mitaa, maimamu na wasimamizi wa makundi wasingoje uwe sheria ndipo waanze kulalamika. Tuandike mapema, tena kwa Kiswahili, wakati bado hatuhitaji idhini ya kuandika.