Maandazi ya Waturuki na Asili ya Majina Yake

Watu wamezoea kusema «maandazi ya Kituruki» kana kwamba yote yalitoka katika jiko moja. Ayachunguzaye majina yake huona kwamba mengi ni kumbukumbu za watu waliohama na mipaka iliyosogezwa.

Tutazame kwanza baklava, andazi la tabaka nyembamba za unga, siagi na sharubati. Zamani Istanbul ndiyo iliyosifika kwalo: kila tarehe 15 ya Ramadhani sultani aliwagawia askari wa Yanisari sinia za baklava, nao wakaandamana nazo mpaka kambini mwao. Desturi hiyo ilikoma jeshi hilo lilipovunjwa mwaka 1826. Siku hizi sifa imehamia kusini, Gaziantep, penye kokwa za kijani ambazo Waturuki huziita antep fıstığı, yaani njugu za Antep. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliliandikisha jina la baklava ya mji huo lilindwe kisheria, la kwanza kutoka Uturuki.

Mfano unaomvutia mwanaisimu zaidi uko Eskişehir. Huko hukaangwa çibörek, andazi la umbo la nusu mwezi lenye nyama ndani, lililoletwa na Watatari wa Krimu waliokimbilia Dola ya Osmani, hasa baada ya vita vya 1853–1856. Waturuki wengi huandika çiğ börek, «börek mbichi», wakieleza kwamba nyama hutiwa ikiwa mbichi. Wenye asili ya Kitatari hujibu kwamba kwao çi maana yake ni «tamu». Mimi naelekea upande wao, kwa kuwa msemaji akutanapo na neno geni hulivika maana ya neno alijualo. Sisi tusemao sambusa, neno lenye asili ya Uajemi, tusiwacheke.

Künefe ya Hatay, yenye nyuzi za unga na jibini isiyo na chumvi, ina jina la Kiarabu. Nchi hiyo ilitawaliwa na Ufaransa pamoja na Siria, kisha ikaunganishwa na Uturuki mwaka 1939: andazi lilibaki mahali pake, mpaka ukapita juu yake. Mwezi Februari 2023 tetemeko la ardhi liliibomoa Antakya, mji mkuu wa mkoa huo, na wakazi wengi wakahamia Mersin, Ankara na kwingineko. Huenda wajukuu wao wakaizoea künefe mbali na Antakya, kama Watatari walivyoizoea çibörek mbali na Krimu.