Fibre Channel na iSCSI

Fibre Channel na iSCSI ni teknolojia mbili zinazoshindania kazi moja: kuiunganisha seva na diski zilizo nje yake, nayo izitumie kana kwamba zimo ndani mwake. Mtandao wa namna hiyo huitwa SAN. Zote mbili hubeba amri za SCSI, lugha ambayo kompyuta huitumia kuiagiza diski isome au iandike.

Fibre Channel ilipitishwa na ANSI, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 1994. Huhitaji swichi na kadi zake yenyewe, na kwa kawaida kebo za faiba, mbali kabisa na mtandao wa ofisi. iSCSI, iliyoasisiwa na IBM na Cisco na kutangazwa na IETF, chombo cha viwango vya intaneti, Aprili 2004, huzifungasha amri hizo ndani ya TCP/IP na kuzipitisha kwenye Ethaneti ya kawaida.

Wanunuzi wengi hulinganisha kasi kwanza. Kigezo hicho ni dhaifu, kwa kuwa gigabiti za kila upande hupanda kila baada ya miaka michache. Lenye uzito zaidi ni msongamano. Katika Fibre Channel, mtumaji hatoi fremu (kifurushi cha data) mpaka mpokeaji awe amemjulisha kwamba ana nafasi ya kuipokea. Kwa hiyo fremu hazitupwi kwa sababu ya kujaa. Swichi ya Ethaneti ikizidiwa hutupa pakiti, kisha TCP huzituma upya. Data haipotei, ila muda wa kusubiri huyumba, na hifadhidata yenye miamala mingi huumia papo hapo. Ndiyo maana iSCSI iliyochanganywa na kompyuta za wafanyakazi kwenye swichi zilezile huleta malalamiko. Ipewe swichi zake, au walau VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya swichi zilezile), na njia mbili hadi kwenye diski. Fibre Channel nayo haijasalimika: kifaa kimoja kinachochelewa kupokea kinaweza kuzikwamisha hata seva zisizohusika nacho.

Tena kuna suala la mafundi. Wanaoijua Ethaneti ni wengi, na programu ya iSCSI imo tayari katika Linux na Windows. Kwa shule, hospitali ya wilaya au kampuni ndogo, hoja hiyo pekee yatosha kuichagua iSCSI.

FCoE, iliyokamilishwa mwaka 2009, ilikusudia kuzipatanisha teknolojia hizo mbili kwa kupitisha fremu za Fibre Channel ndani ya Ethaneti. Ilidai swichi maalumu zisizotupa fremu, na unafuu ulioahidiwa ukayeyuka.

Ushindani wa sasa umehamia NVMe, itifaki iliyoundwa kwa ajili ya diski zisizozunguka. Toleo lake la mtandaoni lilitoka mwaka 2016, na lile la kupita juu ya TCP mwaka 2018. Hupita pia juu ya Fibre Channel, hivyo taasisi yenye Fibre Channel iliyotunzwa vizuri haina sababu ya kuing'oa. Inayoanza upya ijenge juu ya Ethaneti iliyotengwa.