Kasongo na Mshipa Uliopandikizwa

Mnamo Mei 1967, katika hospitali ya Cleveland Clinic nchini Marekani, daktari mpasuaji kutoka Argentina aitwaye René Favaloro alikata kipande cha vena mguuni mwa mgonjwa, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, akakitumia kuipatia damu njia mpya pale ateri ya moyo, yaani mshipa unaoulisha moyo damu, ilipokuwa imeziba. Miaka mitatu kabla yake, Vasilii Kolesov wa Leningrad alikuwa amekwisha kuunganisha ateri ya ukuta wa kifua na ateri ya moyo, lakini kazi yake ilijulikana kwa wachache, na ni vena ya mguu iliyoenea duniani kwa kuwa ni ndefu, ni rahisi kuitoa, na mguu haudhuriki sana ukiikosa.

Urahisi huo ulikuwa na gharama iliyochelewa kudhihirika. Vena imeumbwa kwa shinikizo dogo la damu, na inapofanywa kubeba shinikizo la ateri, ukuta wake hubadilika: katika mwezi wa kwanza huweza kuzibwa na damu iliyoganda, katika mwaka wa kwanza ngozi yake ya ndani hunenepa, na katika miaka inayofuata hujaa mafuta laini yanayomeguka upesi kuliko yale ya ateri ya asili. Baada ya miaka kumi, takriban nusu ya vena zilizopandikizwa huwa zimeziba au zimeharibika, ilhali ateri ya kifua, ikiunganishwa na ateri kubwa ya mbele ya moyo, hubaki wazi kwa wagonjwa wapatao tisa kati ya kumi. Mwaka 1986 wapasuaji wa Cleveland walionyesha kwamba waliopata ateri hiyo waliishi muda mrefu zaidi, na tangu hapo imekuwa chaguo la kwanza, ingawa vena haikuachwa, kwa sababu mgonjwa mmoja mara nyingi huhitaji njia tatu au nne.

Kwa wale ambao maumivu ya kifua yaliwarudia, jibu la mwanzo lilikuwa kukifungua kifua mara ya pili. Kazi hiyo ni ya hatari kuliko ile ya kwanza, kwa maana kovu huugandisha moyo kwenye mfupa wa kifua, na mshipa uliopandikizwa ambao bado unapitisha damu huweza kulala hasa pale msumeno unapopita. Njia nyingine ilifunguliwa Zurich tarehe 16 Septemba 1977, siku ambayo Andreas Gruentzig alipitisha mrija mwembamba wenye puto ndani ya mishipa ya mgonjwa aliyekuwa macho, akaipanua ateri ya moyo iliyosongwa bila kukigusa kifua. Mwaka 1986 Jacques Puel wa Toulouse na Ulrich Sigwart wa Lausanne waliongeza stenti, yaani kibomba cha wavu wa chuma kinachoachwa ndani ya mshipa ili usisinyae tena.

Hata hivyo vena ya zamani haikukubali puto kwa utulivu. Mafuta yake yalimeguka, vipande vikachukuliwa na damu hadi kwenye vijishipa vidogo vya moyo, na mshipa uliokwisha kuzibuliwa ukaonekana wazi kwenye picha hali damu haipiti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kwa wagonjwa 801 ulionyesha kwamba kifaa cha kuyanasa mabaki hayo kilipunguza madhara makubwa katika siku 30 kutoka asilimia 16.5 hadi 9.6. Madaktari wengi wamejifunza pia kuiacha vena iliyochakaa na kuirudia ateri ya asili iliyokwepwa zamani, kazi ngumu kwa kuwa ateri hiyo mara nyingi imefungwa kabisa na kujaa chokaa. Ndivyo alivyotibiwa Bill Clinton, aliyekuwa rais wa Marekani: alipandikizwa mishipa minne Septemba 2004, mmoja ukaziba, na Februari 2010 akawekewa stenti mbili katika ateri yake ya asili.

Msomaji wa Kasongo, Kabambare au Salamabila, mashariki mwa Kongo, anaweza kuona kwamba habari hizi ni za mbali mno. Mitambo ya kupiga picha mishipa ya moyo na kuizibua, ambayo Watanzania huiita kathlabu, iko Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015, iko Kampala na Nairobi, na kuifikia kutoka machimbo ya dhahabu ya Namoya ni safari ya siku nyingi. Lakini puto ni tendo la saa moja au mbili tu, na mshipa uliopandikizwa huishi miaka. Mwaka 1997 ilithibitishwa kwamba kushusha sana mafuta ya damu kwa vidonge hupunguza kasi ya kuharibika kwa vena hizo. Aspirini huzuia damu kuganda ndani yake. Na shinikizo la damu, sukari na tumbaku ndivyo vinavyozimaliza. Mambo hayo yote hushughulikiwa katika kituo cha afya, si katika kathlabu.

Hapo ndipo Kasongo inapopata nafasi yake halali katika historia hii. Mji huo, uliokuwa kitovu cha utawala wa Tippu Tip na mwanawe Sefu hadi ulipotekwa na jeshi la Dola Huru ya Kongo mwaka 1893, uligeuka katika miaka ya 1970 kuwa mahali ambapo Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, pamoja na wauguzi na madaktari wa Zaire (Kongo ya leo), ilijaribu mfumo wa vituo vidogo vya afya vilivyofungamana na hospitali moja ya rufaa. Kazi ilianza kabla ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 kuhusu huduma ya afya ya msingi, na mafunzo yake yaliingia katika zoni za afya ambamo Zaire iligawanywa katika miaka ya 1980. Walioubuni mfumo huo walisisitiza kwamba huduma iwe endelevu: mgonjwa asionekane mara moja na kusahauliwa, bali kituo kimjue, kimfuatilie, kimpeleke hospitalini na kumpokea arudipo.

Walikuwa wakifikiria surua, kifua kikuu na uzazi, lakini hakuna mgonjwa anayeihitaji kanuni hiyo kuliko aliyepandikizwa mishipa ya moyo. Daktari atakayemzibulia mishipa baada ya miaka kumi anahitaji kujua mishipa mingapi ilipandikizwa, ilitoka wapi na iliunganishwa wapi. Asipojua, humlazimu kuitafuta mmoja mmoja kwa dawa ya rangi, ambayo ikizidi hudhuru figo. Akijua kwamba ateri ya kifua ya kushoto ilitumika, huingiza mrija kupitia kifundo cha mkono wa kushoto, kwa kuwa ateri hiyo huchipuka kutoka kwenye mshipa mkubwa wa mkono huo. Maelezo yote hayo hutoshea katika ukurasa mmoja, na nakala yake inastahili kuwekwa katika jalada la mgonjwa kwenye kituo cha afya kilicho karibu na kwake.