Kula bata Cartagena: fukwe unazoziona Insta zina wenyewe

Wadau wa kula bata, leo tunavuka bahari. Kama unafuatilia kurasa za mastaa wanaosafiri, Cartagena umeshaiona hata kama jina hukulishika. Ni ule mji wa Kolombia, pwani ya Bahari ya Karibea, wenye nyumba za rangi kali, maua yanayoning'inia kwenye roshani, na kina mama weusi waliovaa magauni ya rangi rangi, beseni la matunda kichwani. Ukitaka picha nao unalipa, hakuna cha bure. Ukimaliza picha za mjini, ratiba ni ile ile: kesho asubuhi boti, visiwani, maji ya bluu, samaki wa kukaanga na wali wa nazi. Ndiyo, wali wa nazi, kule nao wanakula. Jioni unarudi mabega yameungua.

Kila mtu anaposti maji. Mimi nimekaa nikafuatilia historia ya sehemu hizo moja moja, na jambo moja limenikaa kichwani. Sehemu nyingi ambazo leo watu wanaenda kupumzika kuzunguka Cartagena, zamani mji ulipeleka huko watu usiotaka kuwaona, au watu wenyewe walikimbilia huko ili wasionekane. Watumwa waliotoroka, wagonjwa wa ukoma, wavuvi weusi wasio na kitu. Kulikuwa na mbu, matope na jua, mabosi hawakupataka. Leo pamekuwa dili, na wale wale waliopatunza ndio wanaoambiwa walete karatasi.

Twende nayo.

KWANZA, MJI WENYEWE

Cartagena ilianzishwa na Mhispania Pedro de Heredia mwaka 1533. Ilikuwa bandari ya pesa. Dhahabu na fedha za Amerika ya Kusini zilipita hapo kwenda Hispania. Pesa ikikaa sehemu moja wezi wanakuja, na mwaka 1586 akaja Mwingereza Francis Drake, akauteka mji, akachoma nyumba na hakuondoka mpaka alipolipwa. Baada ya hapo Wahispania wakaanza kujenga kuta na ngome, kazi iliyoenda karibu miaka 200. Ndiyo hizo kuta unazoona watu wamekaa juu yake wanasubiri jua lizame. UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1984 pamoja na bandari.

Sasa, nani alijenga? Majina ya wafalme na mainjinia yapo kwenye vitabu. Waliobeba mawe, wakavunja matumbawe baharini na kuchoma chokaa, walikuwa wengi wao watumwa kutoka Afrika, na majina yao hayapo. Cartagena ilikuwa moja ya bandari kubwa kabisa za kuingiza watumwa kwenye makoloni ya Hispania. Walitoka Afrika Magharibi, Kongo na Angola. Hilo la Kongo na Angola lishike, tutalirudia.

TIERRA BOMBA: DAKIKA CHACHE KWA BOTI

Ukisimama Bocagrande, mtaa wa maghorofa na hoteli, unakiona kisiwa cha Tierra Bomba hapo mbele. Siku hizi kina vilabu vya ufukweni: unalipa, unapewa kitanda cha jua, bwawa la kuogelea na juisi, huku maghorofa ya mjini yakionekana ng'ambo ya maji. Picha kali sana.

Kusini mwa kisiwa kuna kijiji cha Bocachica, na hapo ndipo mlango wa meli kuingia bandarini. Mwaka 1741 Mwingereza mwingine, Admirali Edward Vernon, alikuja na meli zaidi ya 180. Upande wa Hispania alikuwepo Blas de Lezo, mzee wa jicho moja, mguu mmoja na mkono mmoja usiofanya kazi. Ngome ya Bocachica ilianguka, Waingereza wakaona kazi imekwisha, na kule Uingereza watu wakatengeneza medali zinazomwonyesha Lezo amepiga magoti. Kumbe wamewahi kushangilia. Homa ya manjano na ngome ya San Felipe viliwamaliza, Vernon akarudi kwao mikono mitupu.

Baada ya vita Wahispania wakajenga ngome mpya Bocachica, San Fernando, ambayo leo unaitembelea. Kisha, kati ya mwaka 1771 na 1778, injinia Antonio de Arévalo akaziba mlango wa pili, ule wa Bocagrande, kwa ukuta uliojengwa chini ya maji, urefu karibu kilomita 3. Meli kubwa zikawa hazina njia ila kupita Bocachica, mbele ya mizinga. Huo ukuta upo mpaka leo. Boti inayokupeleka kwenye kitanda chako cha jua inapita karibu nao.

Hapo hapo Tierra Bomba kuna kijiji kingine, Caño del Oro, zamani kikiitwa Caño del Loro. Hiki hakipo sana kwenye kurasa za mastaa. Kwa zaidi ya miaka 100 palikuwa na hospitali ya wakoma. Ukiugua mjini unapandishwa mtumbwi, unaletwa kisiwani, familia yako imekuaga. Watu waliishi huko, wakazeeka huko, wakazikwa huko. Mwaka 1950 serikali ikaamua kuifunga. Wagonjwa wakahamishiwa mbali, bara, halafu ndege za jeshi zikaja kuipiga mabomu hospitali tupu. Hospitali, si ngome ya adui! Magofu bado yapo.

Wanakijiji wa leo wengi ni wavuvi, madereva wa boti na wafanyakazi wa mjini. Wapo hapo muda mrefu kuliko kilabu chochote cha ufukweni.

BARÚ NA VISIWA VYA ROSARIO

Hii ndiyo picha yenyewe ya Karibea. Playa Blanca ipo Barú: mchanga mweupe, maji unayaona mpaka chini. Barú inaitwa kisiwa lakini haikuzaliwa kisiwa. Mwaka 1650 Wahispania walifungua mfereji, Canal del Dique, ili boti zitoke Cartagena mpaka mto Magdalena bila kupita bahari wazi. Mfereji ukaikata Barú na bara. Zamani watalii wengi walifika kwa boti, mpaka lilipofunguliwa daraja mwaka 2014. Siku hizi mabasi yanashusha watu Playa Blanca, na kwenye sikukuu pa kutandika taulo unapatafuta.

Mfereji huo bado unafanya kazi yake nyingine ambayo hakuna aliyeitaka. Unabeba matope ya mto Magdalena na kuyamwaga baharini karibu na matumbawe ya Rosario, ambayo yamekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Matumbawe yanataka maji safi na mwanga. Ukifunikwa na matope utapumuaje?

Visiwa vya Rosario ni zaidi ya 20, vingine vidogo kiasi kwamba vimebeba nyumba moja tu. Kikubwa kinaitwa Isla Grande. Wavuvi weusi kutoka Barú walikuwa wanakwenda huko kuvua na kupanda minazi, wengine wakahamia kabisa. Kwenye karne ya 20 matajiri kutoka mjini na bara wakagundua uzuri wake, wakanunua viwanja kwa bei ya kutupa, wakajenga nyumba za wikiendi. Mwenyeji akageuka mlinzi wa nyumba kwenye shamba la babu yake. Halafu serikali nayo ikasema visiwa vyote ni mali ya taifa, maana yake mwenyeji na tajiri wote ni wavamizi. Lakini tajiri ana nyumba nyingine mjini. Mwenyeji aende wapi?

Wenyeji hawakupiga kelele tu. Walijikusanya katikati ya Isla Grande, wakajenga kijiji kinachoitwa Orika, wakaenda mahakamani. Walishika sheria ya mwaka 1993, Sheria namba 70, inayoruhusu jamii za watu weusi kumiliki ardhi kwa pamoja. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ya Kolombia ikatoa uamuzi wa kuwalinda, na mwaka 2014 wakapewa hati ya pamoja. Jina Orika, wanasimulia wenyewe, ni la binti wa Benkos Biohó. Huyo ndiye tunamfuata sasa.

PALENQUE: UKIJUA KISWAHILI UTASHTUKA

Kijiji cha San Basilio de Palenque kipo kama kilomita 50 kutoka Cartagena, ndani, kwenye vilima. Benkos Biohó aliletwa kutoka Afrika kama mtumwa, na kuelekea mwaka 1600 akatoroka na wenzake, wakajenga kijiji chenye uzio wa miti. Kijiji cha namna hiyo ndicho kinaitwa palenque. Wahispania walipigana naye wakashindwa, wakaingia naye mkataba, na jamaa akawa anaingia mjini amevaa kama bwana wa Kihispania, silaha kiunoni. Hilo liliwakera kuliko hata vita. Wakamvizia, na mwaka 1621 wakamnyonga. Lakini vijiji havikuisha, na San Basilio ikatambuliwa rasmi kuwa ya watu huru mwanzoni mwa karne ya 18, zaidi ya miaka 100 kabla Kolombia haijafuta utumwa. Sanamu yake ipo kijijini, minyororo imekatika.

Kina mama wa beseni la matunda wanatoka huku. Wanaitwa palenquera, yaani wanawake wa Palenque. Ile siyo mavazi ya maonyesho waliyobuniwa na watu wa utalii, ni biashara ya bibi zao waliokuwa wakipeleka mazao mjini. Wanasimulia pia kwamba misuko ya nywele za bibi zao ilikuwa ramani: msuko huu ni njia, fundo hili ni mto.

Sasa kile cha Kongo na Angola nilichosema ushike. Watu wa Palenque wana lugha yao, mchanganyiko wa Kihispania na lugha za Kibantu, hasa Kikongo. Ng'ombe kwao ni "ngombe". Mtoto ni "moná", ndugu yake kabisa "mwana" wetu. Miaka mia nne, ng'ambo ya bahari, na maneno hayo bado yanatembea. UNESCO iliutambua utamaduni wao mwaka 2005.

Na mastaa wapo. Marlon Brando alipokwenda Cartagena kuigiza filamu ya Queimada, iliyotoka mwaka 1969, aliyewekwa mbele yake kama kiongozi wa watumwa walioasi alikuwa Evaristo Márquez, mchunga ng'ombe wa Palenque ambaye hakuwa muigizaji. Mwaka 1972 bondia Antonio Cervantes, maarufu Kid Pambelé, naye wa huko huko, akatwaa ubingwa wa dunia. Inasimuliwa kwamba rais alipomuuliza anataka zawadi gani, akaomba kijiji chake kiwekewe umeme.

LA BOQUILLA NA KARATASI

Kituo cha mwisho ni La Boquilla, kaskazini kidogo ya mji. Ni kijiji cha wavuvi, ufukwe mrefu mbele, mikoko nyuma. Unapanda mtumbwi, mvuvi anasimama nyuma na upondo, mnapita kwenye mahandaki ya matawi ya mikoko kimya kimya. Kwa mapumziko ya asili, hapa napaweka juu ya Playa Blanca.

Aprili 2012 marais wa mabara ya Amerika walikutana Cartagena. Kwenye uwanja ulio mbele ya kanisa la San Pedro Claver, Barack Obama na Rais Juan Manuel Santos walikabidhi hati za ardhi kwa jamii mbili: Palenque na La Boquilla. Shakira alikuwepo. Picha zilizunguka dunia nzima. Unadhani mambo yakaishia hapo? Wapi. Maghorofa na hoteli zimeendelea kuisogelea La Boquilla, na kesi kuhusu hati ile zikafuata mahakamani. Karatasi iliyotolewa mbele ya marais wawili ikapingwa.

Kwa hiyo ukijaaliwa kwenda Cartagena, kula bata, hakuna aliyekukataza. Ila pesa yako ichagulie mkono. Isla Grande wapo wenyeji wenye vyumba vya wageni, wanakutembeza kisiwani na usiku wanakupeleka kwenye rasi ambayo ukitikisa maji yanawaka. La Boquilla mvuvi mwenyewe ndiye injini. Bocachica kuna kina mama wanakaanga samaki karibu na ngome. Palenque unapata mtembezaji wa kijijini anayekwambia habari za babu yake, tena kwa lugha ambayo ukisikiliza vizuri utadaka neno moja moja.

Na yule mama wa matunda akikudai hela ya picha, lipa na umuulize jina.

Ungeanza na wapi, mikoko au visiwa?