Kiwanda cha Rovereta

Msomaji, ukiitazama kwa makini ramani ya Italia, upande wa mashariki, si mbali na pwani ya Adria, utaona kidoa chenye jina lake peke yake. Usidhani ni kosa la mpiga chapa. Hiyo ni Jamhuri ya San Marino, nchi yenye eneo la kilometa za mraba 61 tu, iliyozungukwa na Italia pande zote. Mtu hodari wa miguu aweza kuondoka mpaka mmoja alfajiri akaufikia wa pili kabla ya adhuhuri, ijapokuwa itampasa kuupanda mlima Titano, ambao mji mkuu umekaa juu yake.

Wenyeji husimulia kwamba nchi yao iliasisiwa mwaka 301 na Marinus, mchonga mawe aliyetoka ng'ambo ya bahari. Hiyo ni hadithi, wala sikulazimishi kuiamini yote. Lakini jambo lililo hakika ni kwamba tangu karne ya 13 nchi hiyo imekuwa na wakuu wawili, waitwao Makapteni, nao hukaa katika daraja hiyo miezi sita tu. Tarehe 1 Aprili na tarehe 1 Oktoba wa zamani hutoka na wapya huingia. Aliyetoka haruhusiwi kuchaguliwa tena mpaka ipite miaka mitatu, na kwa siku chache baada ya kutoka kwake raia yeyote aweza kuleta mashtaka juu ya mambo aliyoyatenda. Hapana mfalme, hapana rais wa maisha. Wazee wa mlima ule walijua tangu zamani jinsi kiti kinavyomnogea mtu.

Hata hivyo, usije ukadhani kwamba kila mtu alikuwa na sauti. Baraza Kuu la wajumbe 60 liliwahi kuwa mali ya jamaa chache. Mjumbe akifa, wenziwe walimchagua wao wenyewe mtu wa kukaa mahali pake. Mambo yalikwenda hivyo mpaka tarehe 25 Machi 1906, wakuu wa nyumba walipokusanyika wakaamua kwa kura kwamba wajumbe wachaguliwe na watu. Wanawake hawakuulizwa. Tangu hapo vyama vya siasa vikaanza kustawi. Mwaka 1923 Mafashisti wakaitwaa serikali kwa kumwiga Mussolini wa nchi jirani, nao hawakuiachia mpaka 1943. Mwaka 1945 Wakomunisti na Wasoshalisti waliungana wakashinda uchaguzi. Hawakuleta mizinga wala hawakuletwa na jeshi la Urusi. Walipigiwa kura na wachonga mawe, wakulima na mafundi.

Sasa twafika kwenye kiini cha habari yetu. Katika uchaguzi wa mwaka 1955 Wakomunisti walipata viti 19 na Wasoshalisti 16, jumla 35. Wapinzani wao, ambao wakubwa wao walikuwa chama cha Wakristo wa Kidemokrasia, walipata 25. Hesabu hiyo yaonekana imara. Lakini majira ya kupukutika majani mwaka 1956 majeshi ya Urusi yaliingia Hungaria, na fadhaa ya jambo lile ikaingia katika vyama vingi vya Ulaya. Katika mwaka 1957 Wasoshalisti watano wa San Marino wakakihama chama chao. Baraza likawa 30 kwa 30. Kisha mjumbe mmoja aliyechaguliwa katika orodha ya Wakomunisti, hali yeye mwenyewe hakuwa mwanachama wao, naye akavuka. Ikawa 31 kwa 29.

Mwezi Septemba Baraza lilikuwa likutane kuchagua Makapteni wapya. Kila mtu alijua kwamba wapinzani watawachagua watu wao, na serikali itaanguka. Hapo vyama vilivyotawala vikafungua saraka zao. Kabla ya uchaguzi wagombea wao walikuwa wametia sahihi barua za kujiuzulu zisizo na tarehe, nazo zikahifadhiwa na chama. Barua hizo zikatolewa, hata za wale waliokwisha kuhama, zikapelekwa kwa Makapteni. Ikatangazwa kwamba zaidi ya nusu ya wajumbe wamejiuzulu, basi Baraza limevunjika, na uchaguzi mpya utafanywa tarehe 3 Novemba. Siku ya 19 Septemba, wale 31 walipofika kwenye jumba la Baraza, walikuta mlango umefungwa.

Tua kidogo, msomaji, uyatafakari haya. Kiti ni cha nani? Chama kilisema: watu hawa walichaguliwa kwa jina letu na kwa ahadi zetu, wakituacha, na warudi kwa wapiga kura. Wajumbe walisema: sisi ndio tuliopigiwa kura, wala mtu hawezi kujiuzulu kwa barua aliyoiandika miaka miwili kabla ya sababu kutokea. Nilipowasomesha wanafunzi wangu habari hii, darasa liligawanyika sawasawa kama lile Baraza, na kengele ikalia kabla hatujapatana. Mimi mwenyewe naona hoja ya chama ina uzito, lakini barua isiyo na tarehe ni kitanzi, na mtu aliyefungwa kitanzi hatoi shauri la kweli barazani. Wewe waweza kuona vingine.

Wapinzani walikuwa na hoja nyingine ya sheria. Muda wa Makapteni ulikuwa ukiisha usiku wa 30 Septemba, na hapakuwa na wengine waliochaguliwa. Basi usiku huo walikwenda Rovereta, mahali palipo kando kabisa ya mpaka wa Italia, wakaingia katika kiwanda ambacho ujenzi wake ulikuwa haujamalizika, wakajitangaza kuwa Serikali ya Muda. Mahali hapo palichaguliwa kwa akili. Upande wa pili wa mpaka walikuwapo askari wa Italia, na serikali ya Italia iliitambua mara moja Serikali ya Muda. Marekani nayo ikawa upande wao.

Nchi isiyo na jeshi la haja ikawa sasa na serikali mbili, moja jumbani mlimani, moja kiwandani. Kila upande ulikusanya wanaume wenye bunduki. Kumbuka kwamba hawa hawakuwa wageni kwa wageni. Katika nchi ndogo kama ile, aliyeshika bunduki upande huu huenda alikuwa na shemeji au rafiki wa utotoni upande wa pili. Pengine ndiyo sababu hakuna aliyeuawa. Sababu nyingine ni nzito zaidi: serikali ya mlimani haikuwa na njia ya kupata chakula wala bidhaa ila kwa kupita Italia. Tarehe 11 Oktoba ikakubali kushindwa, na siku tatu baadaye madaraka yakakabidhiwa.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba sheria peke yake ndiyo iliyoshinda. Jirani mkubwa alisimama mlangoni, na hilo lapasa kutajwa wazi, ingawa vitabu vya upande mmoja hupenda kulipita upesi.

Walioshinda walitawala miaka mingi. Wanawake walipiga kura mara ya kwanza mwaka 1964, na mwaka 1974 wakaanza kugombea viti. Mwaka 1978 Wakomunisti na Wasoshalisti walirudi serikalini kwa njia ya Baraza, wala hapakuwa na aliyekimbilia kiwandani. Na mwaka 1986 Wakomunisti wakaunda serikali pamoja na chama kile kile cha Wakristo wa Kidemokrasia, ambacho miaka 29 kabla ya hapo walikuwa wamekifungia mlango.